Kumwachia Mwenzako Mashine Imeshiba

Juzi nilikuwa nimekaa nje ya kinyozi hapa Lucky Summer, nangoja zamu yangu, kijana mmoja akaniuliza, "Mzae, kwani kitambo ulikuwa unapiga job gani?"

"Nilikuwa napunguza mafuta," nikamjibu.

Akanitazama tumbo. "Wacha! Ulikuwa msee wa gym?"

Wenzake wakaangua kicheko, hata kinyozi akasimamisha mashine yake. Nilicheka nao, maana tumbo langu haliwezi kunitetea mbele ya watu. Lakini nilikuwa nimemwambia kweli tupu. Maisha yangu ya kazi nimeyamaliza katika kiwanda kimoja kule Baba Dogo, kiwanda cha patapata, hizo slipa za mpira mnazoendea bafuni. Nilikuwa mtu wa mafuta. Mwanzo nilikuwa natia, baadaye nikawa napunguza. Kutia hakuna asiyejua. Kupunguza ndiko kulikoniletea maneno na watu.

Yule kijana akasema yeye pia ameandikwa kazi majuzi, kiwanda cha plastiki, na hapo kwao kuna heshima moja: ukimaliza shifti huondoki kabla hujaongeza mafuta kwenye giaboksi, ili anayeingia aikute mashine imeshiba. "Ukimwachia msee mashine ina njaa, wanakuona huna adabu."

Kicheko kikaniisha. Nikamuuliza, "Imeshiba? Hata leo mnasema hivyo?"

"Si ndivyo tulikuta watu wakisema."

Nilinyolewa, nikalipa. Nikaja nyumbani nikasema haya mambo nitayaandika, na nyinyi vijana mtayasoma, mpende msipende. Ni habari ya mafuta, lakini hasa ni habari ya mkono wa kulia wa rafiki yangu Wekesa. Kama una roho nyepesi usiisome ukila.

Nianze na mashine yenyewe, maana wengi wenu mnaijua slipa ikiwa mguuni tu. Mpira mbichi ulikuwa unakandwa kati ya rola mbili za chuma, kila moja ndefu kuliko kitanda, zinazozunguka zikielekeana. Mwendeshaji anasimama mbele. Anausukuma mpira uingie katikati, unatokea upande wa chini ukiwa mwembamba kama shuka, anaukata kwa kisu, anaukunja, anaurudisha juu. Mikono yake iko karibu na zile rola kutwa nzima. Juu ya kichwa chake kuna kamba. Akiivuta, mashine inasimama. Nyuma kuna mota, na kati ya mota na rola ndipo ilipo giaboksi.

Giaboksi ni sanduku la chuma. Ndani kuna gia, magurudumu yenye meno yanayosukumana, na chini kuna mafuta. Gia ya chini inachovya meno ndani ya mafuta, inayarusha juu, na kila kitu humo ndani kinalowa. Ubavuni kuna kioo kidogo cha duara cha kukuonyesha mafuta yamefika wapi. Kumbukeni hicho kioo. Watu wazima wenye akili zao walikitazama miaka na mikaka na hawakukisoma.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Kilonzo, mtu wa Machakos kama mimi. Alikuwa mfupi, mkavu, ovaroli yake imeloa mafuta hata ukiifua inatoka vilevile. Mashine alikuwa anaziita ng'ombe zake. Asubuhi akiingia anazisalimia kwa Kikamba, moja moja, na ole wako umkatize. Siku moja fundi wa umeme alitukana mota iliyokataa kuwaka. Mzee akamfukuza pale kwa ufagio, akamwambia aende akatukane kwao.

Lakini kazi aliijua, na mengine aliyonifunza hata leo siwezi kuyatupa. Alinifunza kupima moto wa giaboksi kwa nyuma ya kiganja, maana ukiungua nyuma bado unaweza kushika spana. Alinifunza kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, usikie beringi ikikwaruza kabla haijavunjika. Alinifunza kwamba mafuta yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiulize mtu, yamwage. Nikikosea alikuwa ananigonga kisogoni kwa kitambaa. Alikuwa na kitambaa chake cha kupangusia, kipande cha shati la kitenge, na akimaliza kutia mafuta anakikunja pembe nne na kukilaza juu ya kifuniko cha giaboksi. Ukikuta kitambaa pale, ujue Mzee amepita.

Na msemo wake ulikuwa huu: "Mashine haina mdomo wa kuomba. Usingoje ilie."

Hiyo desturi ya kushibisha hakuianzisha yeye, aliikuta, lakini yeye ndiye aliyeitia roho. Kwake, kumwachia mwenzako mashine yenye njaa ilikuwa aibu sawa na kumpa mgeni maji kwenye kikombe kichafu. Basi kila shifti ikiisha, mtu wa mafuta anachungulia kioo, anaona hakuna kitu, anamimina. Wa shifti inayofuata naye akitoka anachungulia, anaona hakuna kitu, anamimina. Rola zinazunguka muda wote huo, maana kiwanda chetu hakikuwa kinazima mashine isipokuwa Jumapili au stima ikipotea. Tuliona tunafanyiana hisani, na kwa kweli ilikuwa hisani.

Mafuta yalikuwa yanavuja, ndiyo. Tuliyaona yakishuka ubavuni mwa giaboksi na kutambaa sakafuni mpaka mbele. Mzee Kilonzo alikuwa anasema mashine isiyovuja ni mashine iliyokauka. Tulikuwa na ndoo za unga wa mbao. Tunamwaga juu ya mafuta, tunafagia, tunamwaga tena. Mitaro ya nje ilikuwa inang'aa rangi zote. Hakuna aliyejiuliza kwa nini kitu kinachokunywa hivyo hakishibi.

Mashine namba mbili ndiyo iliyokuwa inavuja kuliko zote, na mwendeshaji wa namba mbili alikuwa Wekesa.

Wekesa ni Mbukusu, mwili mkubwa, sauti kubwa, kicheko utakisikia ukiwa getini. Tulikuwa tunaishi ploti moja, mlango kwa mlango, kwa hivyo nawaambia habari za mtu ninayemjua akiwa na shati na akiwa bila shati. Mkewe Nafula alikuwa anaondoka alfajiri kwenda sokoni kununua nguo za mitumba, basi Wekesa ndiye aliyekuwa anawasuka binti zake nywele, Naliaka na wadogo wake. Si kuwafunga rundo moja na kuwaacha. Kusuka hasa, mistari iliyonyooka. Wanawake wa ploti walikuwa wanakuja kutazama. Kazini tulimtania mpaka tukachoka, tukamwita Saluni, naye anasema, "Leteni wake zenu basi, nyinyi mnaowaacha na vichwa kama ufagio."

Mara mbili tatu nilimwona akiteleza pale mbele ya rola. Anajishika, anacheka, anapiga kelele, "Mutua! Leta unga nioke chapati!" Nami naleta ndoo ya unga wa mbao. Nikilala nilikuwa namwona akianguka. Nilimwambia Mzee Kilonzo, "Mzee, yule mtu siku moja ataingia humo." Mzee akasema, "Mwambie avae gambuti nzuri."

Ndipo akaja Injinia Achieng. Msichana mdogo, mwembamba, viatu vya chuma vilivyomzidi miguu. Watu walimpima kwa macho. Yeye hakupima mtu. Siku ya kwanza alizunguka akigusa giaboksi, na nikaona anagusa kwa nyuma ya kiganja, nikajua huyu kuna mtu amemfunza. Akafika namba mbili, akauondoa mkono haraka.

"Hii ina homa. Mmeipa nini?"

"Mafuta, madam," nikasema.

"Mengi?"

"Ya kutosha. Lakini haishibi."

Akasikiliza mlio mwembamba uliokuwa unatoka kwenye giaboksi kila siku, wiiii. Akasema, "Haya, zimeni."

Meneja alikuja mbio kuuliza nani amekufa. Achieng akamwambia hajakufa mtu, ndiyo sababu anazima sasa. Tukakaa pale. Alituzuia kugusa chochote. Akatuma watu wakanywe chai, akaniambia mimi nichuchumae mbele ya kile kioo na nisibanduke.

Vijana, nilichokiona sijakisahau. Kioo kilikuwa kitupu. Kisha povu likaanza kushuka, jeupe, kama la sabuni. Nyuma ya povu yakaja mafuta yenyewe, yanapanda, yanapanda, yakafika nusu ya kioo, yakafika juu, yakakimeza kioo chote. Lile sanduku lilikuwa limejaa mpaka kooni.

Achieng akanieleza, na nikawa namwelewa kabla hajamaliza. Mashine ikizunguka, mafuta hayako chini. Yako hewani, yako kwenye kuta, yako kwenye meno. Kioo lazima kionekane kitupu. Ukimimina wakati huo unamimina juu ya yaliyopo. Yakizidi, gia zinayapiga mpaka yanatoka povu, na povu haliwezi kulainisha chuma. Chuma kinasuguana, kinapata moto, kinalia. "Nyinyi mkisikia inalia mnafanya nini?" akaniuliza. Alijua. Tulikuwa tunaongeza. Moto ukizidi, hewa ya ndani inatafuta njia, inayasukuma mafuta kupitia sili, ile pete ya mpira inayoziba pale shafti, fimbo ya chuma inayozungusha rola, inapotokea. Kutoka hapo ni chini, mpaka miguuni pa Wekesa.

"Kwa hivyo ilikuwa inalia kwa sababu ya shibe," nikasema.

"Ndiyo. Mngeipunguzia, ingenyamaza."

Tulifungua bolti ya chini tukayatoa mpaka nusu ya kioo. Tukawasha. Sikio langu likatafuta ule mlio, likaukosa. Mzee Kilonzo alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, mikono mgongoni. Achieng akamgeukia kwa heshima zote, akamwambia, "Mzee, naomba unisaidie tuzifanye zote hivi."

Mzee akasema, "Msichana wangu, mimi sijawahi kumnyima mnyama chakula."

"Hatuzinyimi, Mzee. Tunazipa kiasi."

"Sawa," akasema. Na mkija kuwa watu wazima mtajua kuna sawa ya kukubali na kuna sawa ya kuondoka mahali.

Basi kazi ya kupunguza ikawa yangu. Nilipaka mstari mwekundu katikati ya kila kioo. Sheria ikawa: zima, ngoja mafuta yashuke, ndipo utazame, yakiwa mstarini, usiguse kopo. Zile gia za nje, zilizo wazi, tulikuwa tunazipaka girisi kwa mikono kama tunapaka ukuta matope. Ile girisi ilikuwa inabeba mavumbi, na mavumbi na girisi vikichanganyika vinakula meno ya gia kuliko msasa. Tukaanza kupaka kwa brashi, safu nyembamba. Beringi nazo: girisi ya kubonyeza bomba mara moja tu, siyo mpaka itapike. Watu walinisema. Waliniita Mutua Bahili. Wengine walisema nimetumwa na ofisi, kwamba baada ya mafuta nitapunguza watu. Mmoja alikuwa ananyemelea anaongeza nikigeuka, mpaka siku moja nikamsimamisha mbele ya giaboksi aliyoishibisha, nikamwambia weka mkono. Aliuondoa haraka akipuliza vidole.

Lakini sakafu ilikauka. Mbele ya namba mbili palikauka mpaka ukaiona rangi ya saruji, rangi ambayo hata mimi sikuwahi kuijua. Wekesa alipiga magoti akaibusu, mpumbavu yule, watu wakafa kwa kicheko. Ndoo za unga wa mbao tukazitoa, zikaenda kupandiwa sukuma wiki. Nililala usingizi. Nilisema moyoni, mkono wa huyu mtu sasa umepona.

Mzee Kilonzo aliufuata mstari. Msimsingizie. Sijawahi kukuta amezidisha hata mara moja siku za kazi. Lakini nilikuwa namwona anasimama karibu na namba mbili, ameinamisha kichwa, anasikiliza ule ukimya wake. Siku moja aliniambia kwa Kikamba, "Imenyamaza mno hii. Ng'ombe akinyamaza hivi ni mgonjwa." Nikamwambia, "Mzee, amelala tu." Hakucheka.

Siku yake ya kustaafu, Jumapili mashine zikiwa zimezimwa, tulimfanyia sherehe ndogo, soda na keki, na tukamvisha blanketi mabegani. Meneja alisema maneno mazuri. Wekesa ndiye aliyeimba, akamwinua Mzee juu juu na blanketi lake, Mzee anapiga kelele ashushwe, machozi yanamtoka na anacheka. Kisha akaomba aachwe kidogo akaage ng'ombe zake. Nani angemkatalia? Sisi tulibaki kumaliza soda. Alirudi akiwa amenyooka, uso umetulia, akatushika mikono mmoja mmoja akaenda.

Kesho yake asubuhi nilipopita getini nilisikia ule mlio. Wiiii. Nilisimama. Kisha nikakimbia.

Sikuwahi. Nawaambieni kama ilivyokuwa. Wekesa alikuwa ameingia kazini mapema, anakata mpira, anaimba. Giaboksi ya namba mbili ilikuwa imechemka, sili ikasukumwa nje, na mafuta yakaja mbele kwa wingi, siyo kwa kutambaa kama zamani. Zamani angetazama chini. Zamani angesikia unga wa mbao chini ya gambuti, angekanyaga kwa hadhari. Sasa sakafu ilikuwa kavu miezi mingi, na mtu haogopi sakafu kavu. Alinyanyua mguu kurudisha mpira juu, ule mwingine ukamkimbia, akaenda mbele kwa uzito wake wote, na mkono wa kulia ukatangulia.

Kamba aliivuta mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Ndiyo iliyomwokoa mwili. Rola zilisimama zikiwa zimefika juu ya kiwiko. Mimi nilimshika kiuno nikambeba uzito ili asining'inie, na Achieng akazirudisha nyuma. Hakupiga kelele, mtu aliyekuwa anapiga kelele kwa kila kitu. Aliniambia sikioni, taratibu kabisa, "Mutua, usiangalie." Niliangalia. Mengine siandiki.

Hospitalini waliukata wote mpaka karibu na bega.

Nilirudi kiwandani siku ileile, maana nyumbani ningekaa nikitazama nini? Namba mbili ilikuwa imezimwa. Nikachuchumaa mbele ya kioo. Mafuta yalikuwa yameumeza mstari wangu mwekundu, hata baada ya yote yaliyomwagika. Nikasimama nikatazama juu, na pale kwenye kifuniko palikuwa na kitambaa cha kitenge, kimekunjwa pembe nne. Nikaenda namba moja. Kitambaa kingine. Alikuwa amelichana lile shati lote ili litoshe mashine zote. Nikaketi palepale sakafuni kwenye mafuta nikalia kwa sauti, na sioni haya.

Achieng alinikuta hapo. Alivitazama vile vitambaa, akanitazama mimi. "Alikuwa anaaga," nikamwambia. Akakaa karibu nami. Ofisi ikasema sili ilikuwa imechakaa, na sili kweli ilikuwa imechakaa, mambo yakaishia hapo. Wekesa nilimwambia yote aliporudi nyumbani, kwa sababu mkono ulikuwa wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka ukutani. Nafula ndiye aliyelaani, alilaani mpaka jirani wakagonga. Nilimwacha alaani.

Haya, mbali na Achieng, sikuwahi kuyasema nje ya ploti ile mpaka leo, na leo nayasema kwa kuwa Mzee Kilonzo ameshatangulia, tulimzika kwao Machakos. Lakini kabla hajafa alikuja kumwona Wekesa.

Habari zilimchelewa huko shambani. Alipozipata alipanda gari akaja na gunia dogo la ndengu na jogoo amefungwa miguu, nami nikampeleka mpaka mlango wa pili. Nafula alipomwona alisimama. Nilidhani atamtapikia yote. Wekesa akamwambia, "Mama Naliaka, mletee Mzee kiti." Akaleta kiti, akakiweka kwa kishindo, akaenda jikoni.

Mzee alikaa. Hakuweza kuutazama ule mkono wa shati uliofungwa fundo. Alitazama kofia yake.

"Mwanangu," akasema. "Pole."

"Nimeshapoa, Mzee."

"Ni namba mbili?"

"Ni namba mbili."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Mimi siku ile nilizizunguka zote, moja moja. Nilisema, mstari ni wa ofisini, lakini mimi naenda. Leo nizipe zishibe, mtu wangu asije akasema Kilonzo alituachia mashine zina njaa. Namba mbili niliipa kuliko zote, kwa sababu yako wewe." Akageuza kofia mikononi. "Sasa ilikuwaje ikakufanyia hivi? Ilikuwa inalia?"

Jikoni sufuria zikanyamaza. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, na Mungu ananiona, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Wekesa akanitazama mara moja tu.

"Hapana, Mzee," akasema. "Haikulia."

"Haikulia kabisa?"

"Kimya. Ni mimi niliteleza. Nilikuwa na haraka."

Mzee Kilonzo akapumua, pumzi ndefu, akafuta jasho shingoni. "Basi siyo njaa," akasema. "Namshukuru Mungu. Nilikuwa silali nikifikiri labda sikuitosheleza." Akainuka, akaushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, akamwombea kwa Kikamba mpaka mwisho. Wekesa haelewi Kikamba, lakini alisema amina.

Nilimsindikiza Mzee mpaka barabarani. Niliporudi nilikuwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani. Nafula alikuwa mlangoni, macho mekundu. Nikamwambia Wekesa, "Wewe! Unawezaje kumwacha mtu aende nyumbani akijisifu? Si ungemwambia?"

Alikuwa anajaribu kumfungua yule jogoo miguu kwa mkono mmoja, kamba inamshinda. Hakuinua kichwa.

"Nimwambie ndiyo mkono uote?"